Mstari wa Njano na Beseni la Nyanya

Kiseke, Mwanza

Kwako Baba yangu, Mzee Masatu,

Shikamoo Baba. Naisikia sauti yako ikiitikia marahaba kabla hata Raheli hajamaliza kusoma mstari huu, na mimi huku nimeshafurahi. Raheli mdogo wangu, habari za maandalizi ya harusi? Msomee Baba polepole, na usome yote, hata pale nitakapokutaja vibaya. Usiruke kitu.

Baba, goti linasemaje? Kile kikohozi cha jioni kimepungua, au bado unasema ni vumbi tu? Na muhogo wa kule bondeni, ngedere wameuacha salama? Nasikia ziwa limepanda mpaka limekula kipande cha shamba la Mzee Majura. Kama ni kweli, mpe pole zangu. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako, wajina wako, ameota meno na anang'ata kila kitu, hata mguu wa kiti. Mkwe wako Ngassa anaamka, anakwenda kibaruani, anarudi, anakula na kusinzia hapo hapo alipokaa. Anakusalimu sana.

Haya, najua unasubiri nini. Barua yako ilinifikia. Bwire wa mama mkubwa aliniletea mpaka hapa ninapouzia. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umesema Raheli akishaolewa Bunda, nyumba itabaki na wewe na kuku. Umesema unaweza kukubali kuja Mwanza kuishi na sisi, ingawa mzee kwenda kukaa kwa mkwe ni jambo ambalo hapo kijijini watalicheka mpaka wachoke. Halafu ukauliza swali moja tu: "Huko kwenu kuna mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kutembea mwenyewe? Kama hakuna, niacheni hapa hapa. Siji kukaa kwenye kiti, niwe wa kuingizwa kivulini na kutolewa kivulini."

Baba, nilidhani swali hilo lina jibu jepesi, ndiyo au hapana. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu niandike ndiyo, linatokea jambo. Nikitaka kuandika hapana, linatokea jingine. Kwa kweli nimechanganyikiwa, mbele sioni, nyuma sioni. Ngoja nikusimulie vile yalivyokuwa, na ukiona nazunguka ujue hata kichwani nazunguka hivyo hivyo.

Unajua siku hizi nauzia kando ya barabara mpya, hii inayoelekea Buswelu. Nauza nyanya na vitunguu, na dagaa wakipatikana. Barabara ni nzuri, huwezi kuilalamikia. Pembeni wametengeneza njia ya waenda kwa miguu ya pevingi, vile vitofali vya saruji, na katikati ya hiyo njia wamepitisha mstari wa vigae vya njano vyenye matuta matuta. Mstari wenyewe umenyooka kweli kweli, kutoka duka la dawa mpaka kule karibu na kona.

Sasa elewa kwamba sisi wachuuzi na mistari tunafahamiana siku nyingi. Kule tulikouzia mwanzo tulichorewa chini mstari wa rangi ya njano. Bidhaa yako ikiwa ndani ya mstari, uko salama. Ikivuka, inabebwa na mgambo wa jiji, na wewe unaikimbilia nyuma umeshika kanga isidondoke. Mvua ikinyesha rangi inafutika, basi kutwa ni ugomvi, huyu anasema mstari ulipita hapa, yule anasema ulipita pale. Kwa hiyo tulipohamia huku na kukuta mstari wa njano, tena wa kigae kisichofutika, Mama Kulwa, jirani yangu anayeuza ndizi, alipiga vigelegele. Akasema, "Safari hii wametuheshimu, jamani. Wametuwekea mpaka wa jiwe!"

Basi tukapanga bidhaa zetu juu ya mstari ule, beseni kwa beseni, mkeka kwa mkeka, bila mtu kuzidi hata kidogo. Utaratibu gani huo! Wapita njia walikuwa wanatusifu. Mimi nilipata nafasi ya kwanza kabisa ukitoka duka la dawa, nafasi ya dhahabu, maana kila anayetoka kununua dawa ananiona mimi kwanza. Akitokea mgeni akamwaga viatu vyake nje ya mstari, sisi wenyewe tunamfokea, "We kaka, mpaka huuoni?"

Na yale matuta? Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Muuza viatu alisema chini yake kunapita waya wa umeme, ndiyo maana wameweka alama mtu asichimbe. Mama Kulwa alisema ni ya kuzuia beseni lisiteleze wakati wa mvua. Mimi nikaona nimwulize mkwe wako, maana Baba, aliyevipanga vile vigae ni yeye! Kweli nakuambia, Ngassa alikuwa kibarua kwenye barabara hiyo hiyo, na amevilaza chini kwa mikono yake. Nikamwuliza ni vya nini. Akasema, "Debola," maana mpaka leo Msukuma wangu huyu ananiita Debola badala ya Debora, "mimi niliambiwa panga, nyoosha. Nikapanga, nikanyoosha. Ni vya nini, waulize walioshika ramani." Akarudi kwenye ugali wake.

Basi asubuhi moja nimeshapanga mafungu ya nyanya, nzuri juu, zilizobonyea chini (usicheke Raheli, biashara ndivyo ilivyo), nikasikia ko, ko, ko. Nikainua macho. Nikaona baba mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi, tai shingoni, fimbo nyeupe mkononi, anakuja kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Anakuja juu ya mstari, moja kwa moja kwangu. Mimi nikaduwaa. Fimbo ikaingia chini ya beseni, beseni likapinduka, nyanya hizo zikabiringika barabarani na bodaboda ikazipitia. Yule baba akaangukia goti.

Nikaruka. Unajua tulivyolelewa, ukimwona mtu asiyeona unamshika mkono. Nikamshika, pole baba, pole sana baba, nikamvusha barabara. Mama Kulwa alitangulia kusimamisha magari kwa kanga yake. Tukamfikisha ng'ambo salama, nikashusha pumzi, nikajiona leo nimefanya la maana. Yule baba akauliza kwa upole, "Mama, hapa ni wapi?"

"Ng'ambo, baba."

"Na nani alikuambia nakwenda ng'ambo?"

Loo! Nilikosa pa kuweka uso. Kumbe alikuwa anakwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na kanisa liko upande ule ule tulikomtoa. Anaitwa Mabula, ni mpiga kinanda, amehamia huku juzi juzi. Akaniambia, "Tangu nifike mtaa huu nimevushwa barabara kuliko kuku. Haya, nirudishe uliponichukua."

Nikamrudisha. Njia nzima mimi namwomba radhi kwa goti, yeye ananiomba radhi kwa nyanya. Tulipofika akapapasa chini kwa fimbo, akauliza, "Mama, unajua umekaa juu ya nini?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Juu ya mpaka wetu." Alicheka mpaka akafuta macho. Akaniambia nivue kandambili, nikanyage. Nikavua, nikakanyaga. Akauliza nasikia nini. Nikasema nasikia matuta marefu yanayokwenda mbele.

"Hayo yanasema endelea," akaniambia. "Ukikanyaga vipele vya duara, hivyo vinasema simama, kuna jambo mbele yako. Huu si mpaka wa nyanya, mama. Hii ni njia yangu."

Baba, hapo nilikaa juu ya ndoo. Sikuwaza nyanya wala sikumwaza Mabula. Niliiwaza minyara yetu.

Niliwaza ule ua wa minyara ulioupanda mwenyewe wakati macho yanaanza kuzima, kutoka mlangoni kwetu mpaka kanisani. Fimbo yako inaparuza minyara na wewe unakwenda zako. Pengo la kwanza ni kwa Mzee Majura, unaingia kupiga soga. Pengo la pili ni njia ya kisimani. Minyara ikiisha, umefika kanisani, unavua kofia. Hakuna aliyewahi kuandika sheria juu ya ua ule, lakini hakuna mtu kijijini anayeweka kitu pale. Nakumbuka siku yule mgeni wa kwa Majura alipomfunga ng'ombe kwenye minyara. Marehemu Mama alitoka na mwiko mkononi, unga unadondoka, anapiga kelele, "Umefunga ng'ombe kwenye macho ya mume wangu! Mfungue! Mfungue sasa hivi!" Na mimi, binti wa mama huyo, nimepanga nyanya juu ya macho ya watu, tena kwa mafungu. Nililia palepale, watu wakadhani nalilia hasara.

Nikaenda kwa Mama Kulwa, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Debora, mimi si mtu mbaya." Na kweli si mtu mbaya, Baba. Nilipolazwa, ndiye aliyemnyonyesha mjukuu wako. Akasema, "Ila niambie nisogee wapi. Nikirudi nyuma, mwenye duka anasema nimemzibia mlango. Nikienda mbele, bodaboda zinanipita juu ya miguu. Huyo Mabula wako anapita mara moja na kwenda zake, mimi nakaa hapa kutwa." Muuza viatu akadakia, wasioona watengenezewe njia yao. Nikamwambia ndiyo hii. Akasema haiwezekani, ingekuwa hivyo wangeandika. Nikamwuliza, waandike ili nani asome? Watu walicheka sana, lakini hakuna aliyesogea.

Na mimi mwenyewe sikusogea siku hiyo. Nilirudi pale pale na beseni langu, nikawa nageuka geuka kama niliyekalia upupu. Ningekwenda wapi? Nafasi ile ndiyo inayotulisha.

Jioni nikamweleza Ngassa. Alisikiliza mpaka ugali ukapoa, na wewe unajua mkwe wako haachi ugali upoe. Mwishoni akasema, "Kumbe nilikuwa napanga maneno, na sijui yanasema nini." Kesho yake hakwenda kibaruani mapema. Akaja barabarani na mimi, akasimama mbele ya wachuuzi wote akasema, "Jamani, mstari huu nimeupanga mimi. Naombeni asubuhi moja tu, tuuone ukifanya kazi yake." Kwa sababu ni yeye, na kwa sababu si mtu wa maneno mengi, walikubali. Hata mwenye duka alikubali, kwa kununa.

Raheli, hapa ndipo mambo yalipoharibika, soma vizuri.

Tulisogeza kila kitu nyuma. Mstari ukabaki mtupu, na ndiyo siku ya kwanza kuuona ukiwa wazi. Mabula akatokea pale duka la dawa. Akapeleka fimbo kulia, akapeleka kushoto, hakuna kitu. Akasimama kidogo kama mtu anayehisi ametegwa. Halafu akatembea. Baba, alitembea! Si ule mwendo wa kunusa nusa. Alitembea kama wewe siku ya Sabato ukiwa umechelewa na kengele imeshapigwa, huku anapiga mluzi wimbo wa kwaya yao. Sisi tumejipanga pembeni kama watu wanaosubiri bibi harusi. Mama Kulwa analengwalengwa na machozi. Mkwe wako amevimba kifua, anamwambia kila mtu, "Unaona nilivyonyoosha?"

Na hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia mstari unakwenda kupita wapi.

Unaingia kwenye nguzo ya umeme. Si pembeni mwa nguzo, kwenye nguzo yenyewe. Vigae vinafika pale, nguzo imesimama katikati, kisha vinaendelea upande wa pili kana kwamba hakuna kitu. Na kabla ya nguzo hakuna kipele hata kimoja, ni matuta yale yale yanayosema endelea, endelea. Hakuna asiyeona aliyewahi kufika huko, maana sisi tulikuwa tumejaa njiani. Tulipoiona nguzo tulipiga kelele wote kwa mpigo. Mmoja anasema "Nguzo!", mwingine "Kulia!", mwingine "Kushoto!", Mama Kulwa "Yesu wangu!" Mabula akageuza kichwa atusikilize, fimbo ikaenda pembeni, mguu ukamalizia hatua, paji la uso likagonga nguzo. Damu ilishuka mpaka kwenye tai.

Tulimwosha, tukamfunga kitambaa, watu wakampeleka kwake. Ndipo Mama Kulwa akasema, taratibu kabisa, bila ubaya wowote, "Sasa jamani. Tulipokuwa njiani, alikuwa anagonga nyanya. Tumempisha, amegonga nguzo. Lipi jema hapo?"

Baba, swali hilo mpaka leo nahangaika nalo. Nilimwuliza Ngassa kama nguzo ilikuwepo wakati wanapanga. Akasema ilikuwepo, waliambiwa itahamishwa, wao waendelee tu. Nani aliwaambia? Akasema aliyewaambia naye alisema ameambiwa. Tukaenda kuuliza. Wa barabara wakasema nguzo si yao. Wa nguzo wakasema barabara si yao. Wote walitupokea vizuri mno, wakatukaribisha viti, na nguzo ipo pale pale.

Mabula akapotea siku kadhaa. Wachuuzi mmoja mmoja wakarudi kwenye mstari, na mimi nikarudi. Siku hizo ndipo nilipokuandikia hapana. Niliandika, "Baba usije, huku hakuna njia, kuna picha ya njia tu." Nikaisoma, nikaona kama nakufungia mlango kwa nje. Nikaichana. Nikaandika ndiyo, nikaona kama nakuita uje kugonga nguzo. Nikaichana hiyo nayo. Ngassa akaniuliza kama nimeanza kazi ya kutengeneza vijikaratasi vya kurushia maharusi.

Halafu asubuhi moja nikasikia ko, ko, ko. Mabula huyo, plasta kwenye paji la uso, tai nyingine. Nikainuka nimshike mkono, mkono umeshafika, nikaurudisha. Nikauliza, "Kaka Mabula, nikusaidieje?"

Alisimama. Akasema, "Hapa mtaani hilo ni swali ninalolisikia kwa nadra. Nisaidie kujua nimefika wapi. Kutembea najua." Kisha akasema, "Siku ile mlinipigia kelele wote, kila mtu na lake. Mimi nilihitaji sauti moja tu, iliyokaa mahali pamoja."

Maneno hayo yalinikaa. Nikageuka nikaitazama nguzo. Pale chini yake hakuna mchuuzi anayetaka kukaa. Jua linapiga kutwa, bodaboda zinatifua vumbi, na mteja mpaka afike huko ameshanunua kwa wengine. Nikabeba beseni langu, nikaiacha nafasi ya dhahabu, nikaenda kukaa chini ya nguzo. Mama Kulwa alinifuata akanishika shavu kuangalia kama nina homa.

Sasa sikiliza uchekeshe moyo. Beseni langu nimeliweka mbele ya nguzo, juu ya mstari. Ndiyo, juu ya mstari ule ule, mimi niliyekuwa nawahubiria wenzangu waondoke! Mabula akija, fimbo inagonga beseni kabla uso haujafika kwenye nguzo. Anasimama. Anasema, "Debora?" Nasema, "Mimi hapa. Nguzo. Pitia kushoto kwangu." Anapita, anakwenda kanisani, hajashikwa na mtu. Alishaniambia mwenyewe kwamba hii si dawa. Alisema, "Dawa ni kuihamisha nguzo, na siku ikihama, na wewe uhame." Nikamkubalia. Kila wiki tunakwenda naye kuuliza habari ya nguzo, yeye mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mimi ni nani, Baba? Mwenye kuziba njia au mwenye kuifungua? Sijui. Nimekaa hapo hapo katikati.

Wenzangu nao ni hivyo hivyo. Mama Kulwa amesogeza ndizi zake nyuma moja kwa moja, na mwenye duka amechoka kununa. Alisema, "Nasogea kwa ajili ya baba yako, si kwa ajili ya kigae." Wengine wanaendelea kupanga juu ya mstari, ila wakisikia ko, ko, ko wanakusanya haraka kama wanavyokusanya mgambo akitokea. Tofauti ni kwamba huyu wanamwamkia.

Basi nikujibu vipi? Nakupa kilichopo, nawe upime. Kutoka nyumbani kwetu mpaka duka la dawa hakuna njia ya kujivunia. Kuna mtaro, na juu ya mtaro kuna ubao. Hapo ingebidi uvumilie mkono wangu, ila mkwe wako ameshaanza kupigilia mbao pembeni, mkono wa kushikia, na amenikataza nisikuambie mpaka aumalize. Nimekuambia. Alisema pia, "Mwambie mzee, njia nilimpangia mimi bila kujua ni yake. Aje aikague." Kwa hiyo wanaocheka habari ya kukaa kwa mkwe waache wacheke. Ukishafika duka la dawa, kuna mstari. Mstari una siku nzuri na siku mbaya. Karibu na mwisho wake kuna nguzo.

Naogopa, Baba, nisikudanganye. Naogopa bodaboda, naogopa ule mtaro, naogopa siku nitakayokuwa naumwa na chini ya nguzo hakuna mtu. Lakini nikikuwaza hapo na kuku, kula yangu inakuwa ngumu. Nakutaka hapa. Nimelisema, basi. Uamuzi ni wako na miguu ni yako.

Wasalimie wote wa hapo. Mzee Majura, rafiki yako, mwambie hata huku nimepata watu wa soga, asijidai yeye tu. Mama mkubwa, mwambie Bwire anakula vizuri na tumbo limeanza kuonekana. Mama mchungaji, mwambie asichoke kutuombea, na aiombee na nguzo. Raheli, kitenge chako kiko kwa Bwire pamoja na barua hii. Usiondoke kwenda Bunda kabla hujampitisha Baba kwenye minyara mara moja zaidi, muage mkiwa mnatembea.

Na ukiamua kuja, Baba, anzia pale duka la dawa. Sitakushika mkono, nimeshajifunza. Vua viatu ukitaka, ufuate matuta yanakokwenda. Fimbo yako ikigonga beseni la plastiki, simama hapo. Umefika kwangu.

Ni mimi binti yako, wa chini ya nguzo,

Debora